Tafakari ya Juma: Saa Inayohesabu Mapigo ya Moyo



Juma hili napenda tutafakari pamoja jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la madaktari na mafundi wa mitambo, lakini ambalo limekwisha kuingia majumbani mwetu, Karagwe na Kyerwa, pasipo kubisha hodi. Nazungumzia saa na vifaa vidogo vivaliwavyo mwilini ili kuhesabu mapigo ya moyo na kutoa onyo pale mapigo hayo yanapokosa mpangilio. Zamani si nyingi, vitu hivyo tulivisikia redioni tu. Leo, Dominika tunapotakiana amani, naviona mikononi mwenu. Kijana aliyerudi likizo kutoka Dar es Salaam anayo, mfanyabiashara wa kahawa wa Omurushaka anayo, na hata baadhi ya wazee waliotumiwa zawadi na watoto wao walio mbali wanazo, zikimulika taa ndogo ya kijani chini ya mkono wa koti.

Si nia yangu kuwasifia wauzaji wa saa, wala kuwatisha wanaozivaa. Nataka tujiulize swali moja tu: onyo likishatolewa, nani analisikia, na linatupeleka wapi?

Tuanze na moyo wenyewe. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, yaani yapata mara 100,000 kwa siku. Kila pigo huanzishwa na umeme mdogo sana unaozaliwa katika chumba cha juu, upande wa kulia wa moyo, kisha hushuka kwa utaratibu hadi vyumba vya chini vinavyosukuma damu mwilini. Kwa baadhi ya watu, hasa umri unapoendelea, utaratibu huo huvurugika. Vyumba vya juu huacha kujikaza kwa pamoja na kuanza kupapatika, mithili ya mbawa za kuku aliyeshikwa miguu. Madaktari huiita hali hiyo atriali fibrilesheni. Sisi hapa tuuite mpapatiko wa moyo. Damu inayozubaa katika vyumba hivyo yaweza kuganda, na bonge likichomoka na kupanda hadi ubongoni, mtu hupata kiharusi. Uchunguzi wa miaka mingi uliofanyika katika mji wa Framingham, Marekani, ulionyesha kwamba mwenye mpapatiko anakabiliwa na hatari ya kiharusi ipatayo mara tano ya ile ya mtu asiye nao.

Ubaya wa maradhi haya ni ukimya wake. Wapo wanaosikia moyo ukienda mbio, wanaoishiwa pumzi wakipanda mlima, wanaosikia kizunguzungu. Lakini wapo wengi wasiosikia lolote, hadi asubuhi moja mzee anaanguka shambani kati ya migomba, mdomo umekwenda upande na mkono hauinuki. Nanyi mnajua kinachofuata katika vijiji vyetu. Kabla ya kuuliza habari za moyo wake au shinikizo lake la damu, ndugu huanza kuulizana ni nani aliyemroga. Nimekaa katika matanga ambapo jirani asiye na hatia alishindwa kuja kumzika rafiki yake kwa kuogopa macho ya watu. Bonge la damu dogo kuliko punje ya mtama lilikuwa limemuua mmoja na kuzitenga nyumba mbili. Ndiyo maana nasema habari hii si ya hospitalini peke yake.

Binadamu ametafuta kwa muda mrefu njia ya kuunasa umeme wa moyo. Daktari Willem Einthoven wa Uholanzi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924, alitengeneza mtambo uliokuwa na uzito wa kilo zipatazo 270 na uliohitaji watu watano kuuendesha. Baadaye Mmarekani Norman Holter alitaka moyo upimwe mtu akiwa katika shughuli zake, si akiwa amelala kitandani tu. Kifaa chake cha kwanza, katika miaka ya 1940, kilibebwa mgongoni na kilikuwa na uzito wa kilo zipatazo 38, karibu mzigo wa mkungu mkubwa wa ndizi. Kufikia mwaka 1961 aliweza kuueleza ulimwengu wa sayansi juu ya kifaa kidogo zaidi, na hadi leo kile kifaa ambacho mgonjwa hukivaa siku moja au mbili, chenye nyaya zilizobandikwa kifuani, huitwa kwa jina la Holter. Mwaka 2018 saa ya kawaida ya mkononi, ile ya kampuni ya Apple, ikapata kibali nchini Marekani cha kuchora umeme wa moyo. Kutoka kilo 270 hadi kitu kinachofunikwa na shati: ndiyo safari ya karne moja na ushei.

Hata hivyo, saa hizi hazifanani. Nyingi hutumia mwanga. Taa ya kijani humulika ngozi, damu hufyonza sehemu ya mwanga huo, na kila moyo unapopiga kiasi cha damu hubadilika kidogo. Saa huyasoma mabadiliko hayo na kuyageuza kuwa hesabu. Chache zaidi hupima umeme wenyewe, mvaaji anapoigusa saa kwa kidole cha mkono wa pili. Njia ya mwanga huweza kukudokezea kwamba kuna jambo. Njia ya umeme hutoa mchoro ambao daktari anaweza kuusoma.

Kuhusu zile za bei ya chini zinazotandazwa mnadani pamoja na miwani na mikanda, kijana mmoja wa kwaya alituonyesha jambo lililotuchekesha sana. Aliivua saa yake, akaifunga kwenye ndizi mbichi iliyokuwa jikoni, akatuambia tungoje. Haikupita dakika, saa ikaandika: mapigo 74. Ndizi ile ilikuwa na afya njema kuliko baadhi yetu! Sababu haina uchawi. Mwanga uliporudi kutoka kwenye ganda la ndizi, programu ya saa ilitafuta mdundo, na kwa kuwa imeundwa ili itoe namba, ikatoa namba. Tulicheka, lakini somo likabaki: si kila kinachotoa namba kimepima.

Je, zile bora zinafanya kazi? Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia watu zaidi ya 400,000 nchini Marekani waliovaa saa za Apple. Waliopata onyo la mapigo yasiyo na mpangilio walikuwa karibu watu 5 katika kila 1,000. Walioonywa walitumiwa kibandiko cha kuvaa kifuani ili kuhakikisha, na miongoni mwa wale waliokivaa na kukirudisha, theluthi moja tu ndio walioonekana kuwa na mpapatiko. Hilo halina maana kwamba wengine wote walidanganywa, kwa kuwa mpapatiko huja na kuondoka, na kibandiko kilivaliwa siku kadhaa baada ya onyo. Lakini linatufundisha kwamba onyo la saa ni mlango wa kuingilia katika uchunguzi, wala si hukumu.

Somo la pili latoka Denmark. Huko, watu wapatao 6,000 wenye umri wa miaka 70 hadi 90, waliokuwa na sababu nyingine za kuogopa kiharusi, waligawanywa. Baadhi wakawekewa chini ya ngozi kifaa kinachoulinda moyo usiku na mchana, wengine wakaendelea na matibabu ya kawaida. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Waliowekewa kifaa waligunduliwa kuwa na mpapatiko takriban mara tatu zaidi ya wenzao, na wengi wao wakaanzishiwa dawa. Lakini tofauti ya viharusi kati ya makundi hayo ilikuwa ndogo mno, hata watafiti hawakuweza kusema kwa hakika kwamba kifaa kimewakinga. Maana yake ni kwamba kuona zaidi si lazima kuokoa zaidi. Kuna mpapatiko wa dakika chache ambao pengine haukuhitaji kusumbuliwa, na kuna mpapatiko wa kudumu ambao hata vidole vya muuguzi vingeuona.

Na hapa kwetu? Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wazee zaidi ya 2,000, wenye miaka 70 na kuendelea, katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Waliokutwa na mpapatiko walikuwa chini ya mmoja katika kila 100, ilhali Ulaya na Marekani, kwa waliovuka miaka 80, hukadiriwa kuwa karibu mmoja katika kila 10. Pale ugonjwa unapokuwa haba, sehemu kubwa zaidi ya maonyo huwa si ya kweli. Kwa hiyo kijana wa miaka 25 mwenye afya, ambaye saa yake imemwonya mara moja baada ya kucheza mpira, asiuze mbuzi wa babaye kwa hofu. Akapimwe kwa utulivu.

Lakini sisi tunayo njia yetu ya kuharibikiwa na mapigo, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Katika kigango kimoja cha upande wa Kyerwa yupo mama wa miaka 60 na ushei ambaye mwanawe, mfanyakazi wa mbali, alimtumia saa ya aina hiyo. Nilipokwenda kuwatembelea wagonjwa wa kigango hicho, nilimkuta ameketi uani, maharage yake yamesongwa na magugu.

"Baba Paroko," akaniambia, "kitu hiki kinanisema vibaya."

"Kinasemaje, Mama?"

"Mjukuu ndiye anayekisoma. Asema moyo wangu hauna utaratibu. Mimi, Baba! Mimi niliyeishi kwa utaratibu miaka yote hii."

Nilitabasamu, lakini yeye hakutabasamu. Kwa majuma matatu alikuwa hajashika jembe. Alikuwa akilala ameketi kwa kuogopa kwamba akijinyoosha moyo utasimama. Alikuwa amekwisha kumwita kaka yake ili waongee habari za kibanja na nani abaki nacho. Mwanawe alidhani amemtumia mama ulinzi. Kumbe, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumfafanulia, alikuwa amemtumia barua ya msiba isiyo na saini.

Sista mmoja muuguzi niliyefuatana naye alimshika mkono, akaweka vidole vitatu chini ya dole gumba, akatazama saa yake ya mishale kwa dakika nzima. Kisha akasema kwa upole kwamba safari hii kile kitu hakikukosea. Jumuiya ndogo ndogo ya mama huyo ikachanga nauli. Akapandishwa bodaboda hadi barabara ya lami, na kutoka huko gari hadi hospitali. Kipimo cha umeme wa moyo, ambacho hospitalini hukiita ECG, kilichukua dakika chache tu, na karatasi ikaonyesha mpapatiko. Lakini daktari hakuishia kwenye karatasi. Alimsikiliza kifuani, akamuuliza kama utotoni aliwahi kuumwa koo mara kwa mara na magoti kuvimba. Mama akakumbuka: akiwa binti wa miaka kama 10, maumivu yalihama kutoka goti hadi kifundo cha mguu na kiwiko, akabebwa mgongoni kwenda shule. Akaandikiwa rufaa hadi Bugando, Mwanza, akapigwa picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Mlango mmoja wa moyo, ule wa upande wa kushoto, ulikuwa umekakamaa na kuwa mwembamba tangu siku zile.

Huu ndio ugonjwa wa moyo utokanao na mafindofindo yasiyotibiwa. Kijidudu huingia kooni mwa mtoto; mwili unapokipiga vita, kwa baadhi ya watoto hujipiga wenyewe, ukaumiza viungo na milango ya moyo. Miaka hupita, mlango hukaza, chumba cha juu hutanuka, kisha mpapatiko huanza. Katika nchi tajiri maradhi haya yamekuwa adimu. Kwetu Afrika Mashariki bado yanaondoa vijana na akina mama. Jirani zetu wa Uganda walituonyesha njia. Katika utafiti uliofanyika Gulu kwa watoto na vijana 818 waliokuwa na dalili za mwanzo kabisa za ugonjwa huo, nusu walichomwa sindano ya penisilini kila baada ya majuma manne. Baada ya miaka miwili, waliozidiwa na ugonjwa walikuwa 3 kati ya waliochomwa, na 33 kati ya wasiochomwa. Sindano ya dawa ya zamani, isiyo na taa ya kijani, ililinda mioyo ya watoto.

Mama yetu alipewa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Nayo pia ni ya zamani, lakini kwa wagonjwa wa aina yake haijapitwa. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,500 kutoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wote wakiwa na mpapatiko pamoja na moyo ulioharibiwa kwa njia hiyo. Waliotumia dawa za jadi hiyo ya warfarini walikufa wachache kuliko waliotumia dawa mpya. Lakini warfarini ina masharti. Damu lazima ipimwe mara kwa mara, kwani dawa ikipungua damu huganda, na ikizidi mgonjwa huvuja damu. Mboga za majani asizile kwa wingi leo na kuziacha kabisa kesho. Na dawa za mitishamba asizichanganye bila kumwambia daktari. Hakuna saa inayoweza kumfanyia mama huyo kazi hizo. Zinafanywa na mjukuu anayeandika tarehe kwenye daftari, na majirani wanaobadilishana zamu ya kumsindikiza kliniki. Maharage yake yamepaliliwa. Saa bado anaivaa, hasa Dominika, na mimi nashuku kwamba siku hizi anaivaa kama pambo.

Sasa, ndugu zangu, nirudi kwenye swali letu: onyo linatupeleka wapi? Kwa waliobahatika, laweza kuwapeleka hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 Dar es Salaam, ambayo wataalamu wake pia wamekuwa wakizunguka mikoani kwa huduma iitwayo tiba mkoba. Lakini kutoka Murongo au Kaisho, Dar es Salaam ni mbali, na safari hiyo humalizwa na wachache. Safari ya kwanza ni fupi zaidi, nayo huanzia kwenye vidole vyetu. Wataalamu wa moyo wa Ulaya wenyewe, pamoja na vifaa vyao vyote, wanashauri kwamba kila mtu wa miaka 65 na zaidi anapofika kwa mhudumu wa afya ashikwe mkono na mapigo yake yasikilizwe.

Basi nawapa kazi ya juma hili. Mtakapokutana katika jumuiya zenu, kila kijana amtafute mzee mmoja. Mzee akae kwa utulivu dakika 5. Weka vidole viwili au vitatu, si dole gumba, kwenye kifundo cha mkono wake, chini ya dole gumba lake, na uhesabu kwa dakika nzima. Usiangalie namba tu, sikiliza mwendo. Je, yanakuja kama ngoma iliyofungwa vizuri, au kama mvua ya kwanza juu ya bati, matone yasiyo na mpango? Yakikosa mwendo, au yakiwa zaidi ya 100 au chini ya 50 mzee akiwa ametulia, mpelekeni zahanati, kituo cha afya au hospitali, bila kelele na bila kumtaja mchawi. Kahawa yetu msiilaumu. Tafiti za karibuni hazikuiona kuwa adui wa mapigo. Rubisi iliyozidi na gongo ndivyo vyenye kesi ya kujibu, pamoja na shinikizo la damu lisilotibiwa. Mtu akipinda mdomo ghafla, akilegea mkono au akipotewa na maneno, hiyo ni dharura ya saa ile ile, si ya kungoja kikao cha ukoo.

Na mtoto akilalamika koo lenye homa, hasa akimeza kwa shida, msimpe asali na kumfukuza akacheze. Mpelekeni akaangaliwe.

Nanyi watoto wetu mlio Mwanza, Dar es Salaam na ng'ambo, mnaowatumia wazazi saa hizi kwa upendo, endeleeni kuwapenda. Ila pamoja na saa tumeni nauli ya hospitali, na namba ya simu ya mtu atakayemsomea mama maneno hayo na kumweleza maana yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini anayefichua maradhi ya mwenzake kisha akamwacha peke yake nayo hajamtendea wema uliokamilika.

Nawatakia juma jema. Tukutane Dominika, na wenye vidole vilivyokwisha kujifunza waniletee habari za wazee wao.